Skrini ya Tatu, Chumba cha Nyuma

Tulimzika Mama Byamungu Jumanne asubuhi, mvua ikinyesha na kuacha, na mimi ndiye niliyeshika simu juu ya kaburi ili mwanawe aone kutoka Australia. Mkono ulinifa ganzi lakini sikumpa mtu mwingine simu ile. Jioni Byamungu alinitumia ujumbe wa sauti. Alilia kwanza, halafu akashukuru watu mmoja mmoja kwa majina, mchungaji, wachimba kaburi, akina mama waliopika, mpaka akafika kwangu: "Sifa, dada yangu, weye njo ulimuonesha mama harusi yangu. Ile kitu, Mungu atakulipa." Nimeusikiliza mara mbili. Ya tatu nimeshindwa. Basi nimenunua daftari, nimekaa chini, na nikimaliza, Byamungu ndiye atakayesoma wa kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nina miaka ishirini na saba, si umri wa kuandika kumbukumbu, najua. Na shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo mwenye kutafuta Kiswahili cha vitabuni anisamehe; kwetu 'njo' ni 'ndiye' au 'ndiyo', na 'ao' ni 'au'. Habari za tulikotoka, nani alivuka na nani alibaki Kivu ya Kusini, sitaziandika; kila nyumba ya Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, ina habari hizo na kila mtu anazibeba anavyoweza. Nataka mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka ishirini, mwaka niliojiona nimeshika dunia kwa mkia. Nilikuwa nimepata kazi Mbarara, kwa fundi mmoja wa Kakoba aliyekodisha skrini, projekta na spika kwa harusi na misiba. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Nyamityobora, kitanda kimoja, jiko la makaa mlangoni, ndoo mbili, na pazia la maua ya njano nililolipenda kama mtoto anavyopenda kiatu kipya. Ukuta wangu wa kushoto ulikuwa mwembamba, na nyuma yake waliishi mume na mke Warundi waliobishana kila asubuhi kuhusu chumvi. "Umetia mara mbili!" "Sikutia hata mara moja!" "Basi nani ametia, malaika?" Nilikuwa nakunywa chai yangu kimya kimya nisipitwe na neno. Halafu nateremka kwenda kazini nikiwaza gari langu la kesho, gari jeupe lenye jina langu ubavuni, na ukumbi wenye skrini kumi na mbili zikiwaka zote kwa mara moja nikibonyeza mimi. Nilicheka peke yangu barabarani. Wapanda boda wa Kakoba walinizoea, waliniita Madamu wa Sinema.

Bosi wangu aliitwa Mzee Tumwine. Kiswahili chake alikiokota jeshini, kifupi na kikavu, lakini alikuwa na moyo. Siku ya kwanza aliniketisha kwenye kreti la soda katikati ya nyaya na akanifundisha jambo ambalo nitalieleza hapa taratibu, maana bila hilo haya yote hayaeleweki. Picha yoyote kwenye skrini ni vitone vidogo vingi vilivyopangwa. Skrini mpya ina vitone vingi mno, ya zamani ina vichache, na kila skrini inajua kiwango chake, ndicho mafundi wanachokiita rezolusheni. Sasa, ukiwa na kompyuta moja na unataka picha moja itoke kwenye skrini tatu, unaweka kisanduku cha kugawa katikati. Lakini kisanduku kile cha bei rahisi hakijui kumpikia kila mmoja chungu chake. Kinatoa picha ya kiwango kimoja kwa wote. Ukituma vitone vingi, skrini ya zamani inashindwa. Inaandika maneno madogo ya kulalamika, kisha inajizima. Ukituma vichache, zote zinawaka, ila ile mpya inabaki na picha ndogo katikati, imezungukwa na weusi. "Nyabo, sikia," Mzee Tumwine aliniambia, kidole juu. "Wewe naanza na ile skrini mzee kabisa. Nauliza yeye: mzee, wewe naweza kula nini? Ile anasema, hiyo ndiyo unapika. Hapana anza na tajiri. Tajiri atakula tu, hata kama anakasirika." Nikamuuliza, na tajiri akilalamika? Akacheka, akapiga goti lake. "Tajiri analalamika lakini naona. Maskini hapana ona, na hapana lalamika. Sasa wewe utajua aje?"

Kila mwisho wa wiki usio na harusi nilirudi Nakivale, na nikirudi, nilikula kwa Mama Byamungu. Hakuwa ndugu yangu. Alikuwa jirani, mjane, mwanawe wa pekee alikuwa amepata safari ya kwenda kuishi Australia miaka minne nyuma, na tangu hapo alipika chakula cha watu wawili na kumtafuta wa pili. Nilikuwa huyo wa pili. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, giza ndani, moshi juu, na yeye akipapasa. Macho yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Aliutambua unga kwa vidole na ndagala, dagaa wa kwetu, kwa pua, na bugali yake ilitoka laini kuliko ya wenye macho. Simu ya Byamungu ikiingia, aliishika karibu kabisa na uso, pua ikigusa kioo, akisema, "Byamu, iko weye? Geuza kichwa. Minaona kitu nyeusi, njo weye ao ni kiti?" Na Byamungu kule akicheka, "Ni mimi, mama. Kiti iko nyuma." Wote tulicheka. Nikitoka pale nilikuwa nafuta machozi nyuma ya mlango.

Ndipo Byamungu akapiga kusema anaoa. Kanisa lao kule lingerusha harusi moja kwa moja kwenye intaneti, mtu yeyote popote angeona. Mama Byamungu alinishika mkono, akaushika kweli kweli. "Sifa. Mwana yangu wa pekee. Siwezi kusikiliza harusi yake kama redio." Siku ile ile nikaanza kuulizia Mbarara, na Mungu akafungua: hospitali moja ya macho mjini ilikubali kumpasua jicho la kulia kwanza, na la kushoto baada ya miezi mitatu. Nilimpeleka mimi. Tukiwa kwenye foleni, mama mmoja aliyekaa nasi kwenye benchi akamnong'oneza kwamba daktari anatoa jicho lako la asili ndani na kuweka kioo, na kioo hicho kinaona barabara na vyungu, lakini ukikitazamisha televisheni, kioo kwa kioo vinagombana, na cha jichoni ndicho kinazima. Mimi nilicheka. Nilisema tu, "Ayi, mama, batu banasema mingi," nikaendelea kuchezea simu yangu. Sikumwambia kwamba si kweli. Niliona ni maneno ya foleni.

Baada ya operesheni alilala kwangu Nyamityobora siku tatu, juu ya kitanda changu, mimi chini kwenye mkeka. Bandeji ilipotolewa, alitazama pazia langu muda mrefu. "Njano," akasema. "Sifa, umeweka njano. Umekuwa na wazimu?" Halafu akanitazama mimi, na hapo alikuwa hajanitazama kwa miaka mitatu. Akasema, "Kumbe uko na meno kubwa hivi," tukacheka mpaka Warundi wakagonga ukuta. Zile siku tatu, nikiulizwa furaha ni nini, ndizo nitakazotaja. Nilimpikia matoke, akayalaumu. Akaniomba sombe, majani ya muhogo, nikatafuta sombe Mbarara nzima. Daktari alikuwa amesema asisugue jicho, akae mbali na vumbi na moshi wiki kadhaa, na jua kali lisimpige. Harusi ilikuwa imebaki siku kumi na moja.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoingia. Kanisa letu Nakivale lina sakafu ya udongo, na watu wa kwetu hawaoni harusi wamekaa. Wangecheza, vumbi lingepanda mpaka kwenye mabati. Kwa hiyo tulikubaliana Mama Byamungu akae katika kile chumba kidogo cha nyuma ya madhabahu ambamo wazee wanahifadhi sadaka na magitaa. Tungefunika dirisha kwa blanketi, na mbele yake, hatua moja tu, tungeweka skrini yake peke yake. Nilikodi kwa Mzee Tumwine monita ya zamani, ya mraba, iliyokuwa imekaa dukani tangu kabla yangu, kwa sababu ilikuwa na mwanga mpole na ingeenea juu ya kimeza cha mle ndani. Hiyo ilikuwa skrini ya tatu. Ya pili ilikuwa projekta, kwa ajili ya watu watakaobaki nje chini ya turubai. Na ya kwanza ilikuwa televisheni mpya ya kanisa, kubwa kama mlango, iliyoletwa wiki ile ile na kamati ya Papa Pascal. Papa Pascal alikuwa mwenyekiti wa kamati, mshonaji, mtu mwema mwenye sauti ya kengele. Vipo vifaa vinavyompikia kila mmoja chungu chake. Dukani kwetu kilikuwepo kimoja, na Jumamosi ile kilikuwa kwenye harusi ya wakubwa mjini. Mzee Tumwine akanipa kisanduku cha kugawa, akanitazama juu ya miwani. "Unajua nani naanza naye?" Nikasema najua.

Na Ijumaa nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilianza na monita ya mraba. Nikaipa kompyuta kiwango chake, elfu moja na ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane, na skrini zote tatu zikawaka. Nilipita kutoka hii kwenda hii, moyo ukinipiga kwa raha. Lakini kwenye televisheni mpya picha ilikaa katikati, ndogo, weusi juu, chini, na pande zote mbili. Papa Pascal alikuja na wazee wenzake wawili, akaizunguka mikono nyuma kama mtu anayenunua ng'ombe. "Sifa, mwana yangu. Hii ni televizyo tulinunua, ao ni dirisha ya gereza?" Wakacheka. Nikamweleza habari ya skrini ya zamani na ya mpya. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Kwa hiyo hii mukubwa inafunga mukanda ju ya ile mudogo?" "Ndiyo, papa." "Mm. Iko sawa. Lakini batu batasema tulinunua kitu ya bure." Maneno yale yaliniuma kwa sababu nilitaka watu waseme kitu kingine. Nilitaka waseme, mwone Sifa wa kwetu, amesoma Mbarara.

Saa kumi jioni ya Australia ni saa tatu asubuhi kwetu. Jumamosi ile kanisa lilijaa kuanzia saa moja. Akina mama walikuwa wamevaa vitenge vya sare, wali ulikuwa jikoni, jenereta ilinguruma nyuma. Nilimwingiza Mama Byamungu katika chumba chake mwenyewe kwa mkono, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikafunika miguu yake kwa shuka. Chumba kilikuwa giza kabisa isipokuwa monita. Matangazo yakaanza, ndani ya kanisa la kule lenye maua meupe, na ghafla Byamungu akapita mbele ya kamera, suti ya buluu, akirekebisha mkono wa shati. Mama Byamungu alisimama. "Njo yeye," akasema. "Njo yeye kabisa. Angalia vile anatembea, kama baba yake." Machozi yakaanza, nikamwambia, mama, usisugue, nikampa leso, nikamwacha. Nilimwacha nikiwa na furaha nyingi hata nikajigonga mlangoni.

Kwetu kanisani watu walikuwa wananung'unika. "Mbona bibi harusi ni kamudogo hivi?" "Ni mbali, Australia." "Kwani umbali unapunguza mutu?" Vijana wa kwaya wakaanza kuniimbia wimbo wa kutunga wa dirisha la gereza, wakipiga makofi. Papa Pascal hakucheka wakati huu. Alikuja mezani kwangu, akainama, akasema kwa upole, "Sifa, sasa wanaingia kwenye viapo. Hakuna vile unaweza kufanya? Kidogo tu?" Naliandika hili polepole kwa sababu nataka liwe kweli: hakunilazimisha. Aliuliza, na mimi nilijua jibu. Nilijua kompyuta iko chini ya mkono wangu, na nilijua nikibonyeza nini kitatokea kwenye skrini ya tatu. Nilijiambia dakika tano. Viapo, pete, halafu narudisha. Nikabonyeza.

Skrini zote zikawa nyeusi kwa pumzi moja, kisha televisheni mpya ikafunguka kutoka ukingo hadi ukingo. Sitasahau sauti ya watu. Ilikuwa kama upepo umeingia. Maua meupe yalionekana kila petali, jasho la Byamungu lilionekana juu ya mdomo, bibi harusi alikuwa na kidoti shavuni na kila mama alikiona. Mtu akapaza sauti, "Sifa, Mungu akubariki!" Wale wale wa kwaya wakaanza kuimba jina langu. Papa Pascal alinipiga bega kwa furaha. Dakika tano zikafika, na nikaona kwamba nikirudisha, picha itakatika tena mbele ya watu wote, katikati ya pete. Nikasema baada ya pete. Baada ya pete wakaanza kucheza kule, na sisi huku tukacheza, vumbi likapanda, na mimi nilicheza juu ya benchi. Halafu intaneti ikakatika, na harusi ikawa imeisha.

Nilikimbilia chumba cha nyuma. Chumba kilikuwa giza tupu. Monita ilikuwa imezima, taa yake ndogo tu ya rangi ya chungwa ikiwaka. Mama Byamungu alikuwa ameketi wima, uso kuelekea ile skrini nyeusi, leso imekunjwa mapajani. Ng'ambo ya ukuta akina mama bado walikuwa wakipiga vigelegele, na yeye, pale gizani, naye alikuwa anapiga. Nilisimama mlangoni. Aliposikia hatua zangu alinyamaza, akageuka, akatabasamu. "Sifa, ilikuwa muzuri sana," akasema. "Nimeona. Nimeona yote. Aksanti, mwana yangu." Nikasema, "Karibu, mama." Hayo ndiyo niliyosema. Nikachomoa waya kwenye monita haraka, mtu mwingine asije akaingia na kuona.

Kwa nini alisema ameona? Nilifikiri ni kwa kunihurumia, na nikakubali kuhurumiwa. Sababu yenyewe niliijua wiki tatu baadaye. Byamungu alipiga simu ya video tukiwa tunakula. Mama Byamungu aliweka tonge chini, akaosha vidole, kisha akafunika jicho lake la kulia, lile jicho jipya lililoona njano ya pazia na ukubwa wa meno yangu, akalifunika kwa kiganja chote, na simu akaibandika kwenye jicho la kushoto, lile la ukungu. "Byamu, iko weye? Minaona kitu nyeusi." Simu ilipokatwa nilimuuliza kwa nini. Akapunguza sauti kama mtu anayesema siri ya ndani. Yule mama wa foleni alisema kweli, akasema. Siku ya harusi aliona vizuri mwanzoni, halafu alilia, akagusa jicho kidogo kwa leso, na papo hapo kioo cha daktari kikagombana na kioo cha televisheni na vyote vikazima. Aliogopa amelipoteza jicho. Lakini tulipotoka nje aliona tena watu, miti, kuku, akamshukuru Mungu, na akaapa kutolijaribu tena. "Hii ya kuume ni ya jikoni na ya njia," akasema. "Ile ya kushoto njo ya kumuonea Byamungu. Usiambie batu. Walifurahi mingi, ile siku, sikupenda kubaharibia." Nikakata tonge jingine.

Sentensi moja ingetosha. Mama, si jicho lako, ni mimi nilizima. Niliitunga njiani kurudi Mbarara, nikaitunga tena kitandani. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na mkia: kwa nini ulizima? Kwa ajili ya televisheni. Kwa ajili ya kuimbiwa jina. Baada ya harusi ile kazi zilikuwa zinakuja, makanisa mengine matatu ya Nakivale walimtaka Sifa wa televisheni kubwa. Nilijiambia atagundua mwenyewe. Hakugundua, kwa sababu alikuwa mwangalifu mno. Hata nikiwa nimeshika simu yangu tu karibu yake, kiganja kilipanda. Harusi nzima nilikuwa nayo kwenye kompyuta, nilikuwa nimeipakua kutoka ukurasa wa kanisa lao, iko pale, na kila nilipoifungua niliifunga. Ilipofika siku ya kupasua jicho la kushoto alikataa. Nilimbembeleza kwa kila njia isipokuwa ile moja. "Hapana, Sifa. Wakiweka kioo hata huku, nitamuonea Byamungu na nini? Na goti?" Alicheka, nami nikacheka. Nilicheka! Tarehe ikapita. Mzee Tumwine aliwahi kuniuliza, "Yule mama yako ya ile skrini mzee, alifurahi?" Nikamwambia alifurahi sana, ssebo. Akaniambia nimekuwa fundi.

Miezi kumi na moja baada ya harusi Byamungu alipata mtoto wa kike. Picha ilifika Jumapili mchana, nami nilikuwa pale, jikoni, nikichambua mboga za lengalenga. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kumuuma siku mbili zile, jekundu, kichwa kinampasuka, alikuwa amejifunga kitambaa. Hata hivyo alifunika la kulia na kusogeza simu. Aliisogeza, akaigeuza, akaisogeza tena. "Sioni kitu," akasema. "Sifa, hata ile kitu nyeusi sioni. Ni wingu tu. Mutoto iko wapi humu?" Na akaanza kuipapasa ile simu kwa kidole, kama anavyopapasa unga.

Nilisema. Nilianza katikati, nikarudi mwanzo, nikamweleza vitone, kisanduku, skrini ya kwanza na ya tatu, Papa Pascal, wimbo wa kwaya, dakika tano. Nililia, lakini kulia kwangu hakukuwa na thamani yoyote mle ndani. Yeye hakukatiza hata mara moja. Sufuria ikachemka ikamwagika, hakuna aliyeinuka. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo jicho haikuzima?" "Haikuzima, mama." "Na kioo haigombane?" "Haigombani." Akaweka simu chini, kisha akasema, "Ile televizyo ilikuwa muzuri?" Nikasema, "Ilikuwa nzuri, mama." "Kila mutu aliona?" "Kila mtu." "Basi," akasema. "Angalau."

Kesho yake asubuhi nilimpeleka Mbarara. Daktari alimulika lile la kushoto muda mrefu, akaandika, akamulika tena. Alisema mtoto wa jicho alikomaa kupita kiasi akavimba, presha ikapanda ndani, na mshipa unaopeleka picha kichwani umekufa. Wangemtuliza maumivu. Kuona, hapana. Akauliza kwa nini hakurudi kwa tarehe yake. Nilifungua mdomo, na Mama Byamungu akanibana mkono. "Nilikataa mimi," akamwambia daktari. "Mimi niko na kichwa nguvu." Daktari akaandika na hilo.

Tulikwenda chumbani kwangu apumzike. Sikuwa na chai, nikampa maji ya moto na sukari. Aliyanywa yote, akaweka kikombe sakafuni, akasema, "Leta harusi." Nikaweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikafungua. Kwanza kiganja chake kilipanda chenyewe kufunika jicho la kulia, kwa mazoea. Akakishika kwa mkono mwingine akakiteremsha, akakikalia. Nikaketi kando yake, upande wa kulia, ili nimwelezee. Maua meupe yakatokea. Akanigusa goti. "Toka hapa. Hamia huku," akasema, akapigapiga kitanda kushoto kwake. Nikazunguka, nikakaa upande ule. Byamungu akapita, akarekebisha mkono wa shati, akaenda mpaka kwenye viapo, mpaka kwenye pete, na mama yake akatazama mpaka mwisho bila kugeuza kichwa.

Tangu siku ile, kanisani, sokoni, hospitalini, alinitaka nitembee kushoto kwake. Watu walisema, Sifa anamlinda mama yake asijikwae. Ni kweli nilimlinda, miaka sita. Lakini upande ule ndio ambao hakuuona, na alikufa sijamuuliza kama aliniweka pale nimshike mkono, au asiwe ananiona.